Mama akatazwe maziwa kwa sababu ya "HER2 3+"? Jibu kwa dada wa Rau

Swali: Shikamoo Daktari. Mama yangu ana miaka 61, anaishi Marangu. Alikutwa na uvimbe kwenye titi la kushoto, wakanyofoa kinyama, na majibu yakasema ni saratani. Chini ya karatasi wameandika HER2 3+. Tulipouliza tukaambiwa hiyo inahusu vichocheo vya ukuaji. Baba mdogo, ambaye anasoma sana mambo ya mtandaoni, akasema vichocheo hivyo vimo kwenye maziwa, mayai na nyama, kwa hiyo mama asiviguse kabisa. Ni wiki ya sita sasa anakula ugali na mchicha tu, na amepungua kilo saba. Wakati huohuo shangazi ameleta kopo la unga wa maziwa ya mwanzo ya ng'ombe, kalinunua laki moja na nusu, eti lina vichocheo vya ukuaji vya kumjenga mama upya. Tumfuate nani? Hiyo 3+ ina maana ugonjwa umeshaenea? Na sisi mabinti tutaurithi? — Dada wa Rau, Moshi

Jibu: Marahaba, dada, na poleni kwa kuuguza.

La haraka kuliko yote nalitanguliza: mama arudi kula leo. Maziwa, mayai, nyama, samaki, mtori wenye nyama ya kutosha, chochote kinachopita. Kilo saba kwa wiki sita ni nyingi mno kwa mtu anayejiandaa kwa matibabu. Mwambieni daktari wake kabla ya siku ya kliniki, maana dozi za dawa nyingi za saratani hupigiwa hesabu kwa uzito au ukubwa wa mwili. Asiachiwe agundue mwenyewe kwenye mizani. Haya mengine someni taratibu, hata baba mdogo akiwepo.

Mjue pia mnayemuuliza. Watu huniita daktari kwa sababu ya shahada, lakini sishiki wagonjwa. Kazi yangu ni ya maabara, hapahapa Moshi: nafuga seli ndani ya chupa na kuzichunguza zinavyoamua kukua au kutulia. Kwa hiyo mama atibiwe vipi mtaamua na daktari wake. Mimi naweza kuwaeleza karatasi yake inasema nini.

Nadhani lililowaponza ni neno lenyewe. Mchagga aliyekulia shambani ukimwambia "kichocheo cha ukuaji", kichwani inamjia mbolea ya kukuzia. Unamwaga, mmea unakula, unanenepa; usipomwaga, unadumaa. Baba mdogo hana kosa kubwa hapo, amefuata mantiki ya shamba: ukitaka gugu life, usilitilie mbolea. Ila kichocheo cha ukuaji hakiliwi. Ni protini ndogo inayobeba amri.

Tofauti hiyo naiona kwa macho kila wiki. Ndani ya inkubeta yetu, kwenye nyuzi 37, kuna chupa bapa za plastiki zenye maji ya rangi ya waridi. Maji hayo ndiyo chakula: yana sukari, chumvi, vitamini na amino asidi, yaani vipande vya kujengea protini. Seli zikila sana yanageuka manjano, nasi tunajua ni wakati wa kubadilisha. Lakini chakula hicho peke yake hakitoshi. Lazima tuongeze seramu ya ndama, yaani maji yanayobaki damu yake ikiganda, kwa kawaida sehemu 10 katika kila 100, na humo ndimo vilimo vichocheo vya ukuaji. Siku nikitaka kuwafundisha wanafunzi, nachukua seli za kawaida za ngozi, naziachia sukari yote ila naondoa karibu seramu yote. Hazifi. Zinakaa tu, kama vibarua waliowahi shambani, uji wameshakunywa na majembe wanayo, wanamsubiri nyapara aseme waanzie mstari gani. Nikirudisha seramu, kesho yake chini ya hadubini naziona zinajiviringa na kugawanyika mbilimbili.

Halafu nafanya vilevile kwa seli za saratani. Nyingi zinaendelea kugawanyika bila seramu, au kwa tone dogo tu. Nyapara hayupo na kazi inaendelea. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Kwa hiyo hizi zinakula zaidi?" Zinakula zaidi, ndiyo, kwa sababu zinafanya kazi zaidi. Kilichotangulia ni kuacha kusubiri amri.

Mwilini amri hizo zina kazi ya maana sana. Mwaka 1974 Russell Ross na wenzake huko Marekani walionyesha jambo ninalolipenda mpaka leo: seramu inayotokana na damu iliyoganda hukuza seli vizuri, lakini maji ya damu ambayo haijaganda hayazikuzi hivyo. Tofauti ilitoka kwenye chembe sahani, zile zinazoziba jeraha. Zikivunjika mahali damu inapoganda, humwaga kichocheo cha ukuaji. Ukijikata na panga unapofyeka majani ya mgomba, amri ya kuziba inatolewa palepale kwenye kidonda, si mwili mzima, na kidonda kikifunga amri inakoma. Mtaalamu wa patholojia (uchunguzi wa vinyama vya wagonjwa) Harold Dvorak aliandika mwaka 1986 kwamba uvimbe wa saratani ni kama kidonda kisichopona. Watu wa hospitali zetu wanaoona vidonda vya moto vya miaka mingi vikigeuka kuwa saratani ya ngozi hawahitaji kuelezwa mara mbili.

Na kwa kuwa mama amekatazwa mayai, acha niseme kidogo kuhusu mayai. Elimu hii yote ilianza nayo. Rita Levi-Montalcini, Mwitalia wa Turin mwenye asili ya Kiyahudi, alifungiwa milango ya vyuo vikuu na sheria za ubaguzi za Mussolini za mwaka 1938. Akageuza chumba chake cha kulala kuwa maabara, akawa anachunguza neva za vifaranga ambao bado wako ndani ya yai. Baada ya vita alikwenda St. Louis, Marekani. Huko alipandikiza uvimbe wa panya kwenye kiinitete cha kuku, akaona neva zinaota kwa wingi kuelekea uvimbe. Alipouweka uvimbe nje, juu ya utando unaozunguka kiinitete, pasipogusana nacho kabisa, neva bado ziliota. Kwa hiyo kuna kitu kilikuwa kinatoka kwenye uvimbe na kusafiri. Mwaka 1952 alipanda ndege kwenda Rio de Janeiro na panya wawili wenye uvimbe aliowabeba kwa siri, ili akamalize jaribio kwa mwenzake aliyekuwa na vifaa vya kukuzia seli.

Mwenzake wa St. Louis, mwanakemia Stanley Cohen, ndiye aliyekitenga kitu chenyewe, kichocheo cha kukuza neva. Alikikuta kwa wingi kwenye sumu ya nyoka, kisha kwenye tezi za mate za panya dume. Alipowadunga panya wachanga maji ya tezi hizo, macho yao yakafunguka siku ya 7 badala ya siku ya 13 au 14, na meno yakaota mapema. Mwingine angeandika "madhara" na kuendelea na kazi yake. Cohen alijiuliza kwa nini, na mwaka 1962 akatangaza kichocheo cha pili, kinachoitwa kwa kifupi EGF, kamba fupi ya amino asidi 53 inayoamuru ngozi na tando zikue. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986.

Mate ya panya, nimesema. Mate ya binadamu nayo yana EGF. Mama anaimeza usiku na mchana, na kumkatazia maziwa hakubadilishi hilo.

Sasa tuje kwenye HER2. Amri ikifika kwenye seli lazima ipokelewe. Seli ina vipokezi, protini zilizochomekwa kwenye utando wake, kichwa nje na mkia ndani. Kichocheo kikitua kichwani, vipokezi viwili hushikana, mikia yao ikawashana kwa fosfeti, na habari ikapokezanwa kutoka protini hadi protini mpaka kwenye kiini cha seli: gawanyika. Kichocheo kikiondoka, kipokezi humezwa ndani ya seli na habari inazimika.

Mwaka 1984 watafiti waliosoma mpangilio wa kipokezi cha EGF walikuta kinafanana na protini ya kirusi kinachowapa kuku saratani. Kirusi kiliwahi kuiba jeni ya kipokezi na kuikata kichwa. Kipokezi kisicho na kichwa hakihitaji amri, kimejifunga kwenye "gawanyika" moja kwa moja. Mwaka mmoja kabla ya hapo ilikuwa imeshaonekana kwamba kirusi kingine, cha nyani, kimeiba jeni ya kile kichocheo cha chembe sahani. Hapo ndipo watu wa vichocheo na watu wa saratani walipogundua kwamba wamekuwa wakichimba shimo moja kutoka pande mbili.

HER2 ni ndugu wa kipokezi cha EGF. Namba 2 ni ya ukoo. Na hapa ndipo hoja ya baba mdogo inapovunjika: HER2 haina kichocheo chake chenyewe kinachojulikana. Ndugu zake husubiri ujumbe. Yenyewe imekaa mkono umenyooshwa muda wote, tayari kushikana na ndugu yeyote aliyepokea. Seli ya kawaida ya titi ina vipokezi hivi makumi ya maelfu tu, na hilo halina shida. Katika saratani kama ya mama, jeni ya HER2 imejirudufu ndani ya seli za uvimbe, nakala nyingi badala ya mbili, na juu ya seli kunaweza kuwa na vipokezi hadi kama milioni 2. Vikibanana kiasi hicho vinashikana vyenyewe kwa vyenyewe na kelele haikomi. Ukimnyima mama yai, hakuna hata kipokezi kimoja kinachopungua hapo.

Sasa 3+. Nisomeni vizuri hapa kwa sababu naona ndiyo imewanyima usingizi: 3+ si hatua ya tatu. Haisemi chochote kuhusu kuenea. Ni alama ya rangi. Mtaalamu wa patholojia alikata kipande chembamba cha kile kinyama, akakitia kingamwili (protini inayonata kwenye shabaha moja tu) inayoshika HER2, na rangi ya kahawia, kisha akaangalia kwenye hadubini. Alama ni 0, 1+, 2+ na 3+. Kwa kawaida kwenye 3+ seli za uvimbe huzungushiwa mstari mzito wa kahawia, seli hii na jirani yake, mpaka kipande kizima kinaonekana kama wavu wa banda la kuku. Ukishaiona mara moja huisahau. Aliyepata 2+ anahitaji kipimo kingine cha kuhesabu nakala za jeni. Mama hahitaji, jibu lake liko wazi. Hatua ya ugonjwa inajulikana kwa ukubwa wa uvimbe, tezi za kwapani na picha za mwili, na kama hamjaambiwa, ulizeni.

Zamani ningesita kumwandikia mtu kuhusu 3+. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake walionyesha kwamba wanawake wenye nakala nyingi za jeni hii ugonjwa wao ulirudi mapema na waliishi muda mfupi zaidi. Ila kipokezi kinachojaa juu ya seli ni shabaha nzuri pia. Ikatengenezwa kingamwili inayokishika kwa nje, dawa iitwayo trastuzumabu, ikaruhusiwa Marekani mwaka 1998. Mwaka 2005 majaribio makubwa kwa wanawake ambao ugonjwa ulikuwa haujaenea yalionyesha kwamba ikiongezwa kwenye matibabu ya kawaida inapunguza kurudi kwa ugonjwa kwa karibu nusu. Tangu 2015 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watano au sita wa saratani ya titi ana uvimbe wa aina hii, na dawa hii ni ya kwao peke yao. Asiye na HER2 nyingi haimsaidii. Kwa hiyo kile kialama kilichowatisha ndicho kinachomfungulia mama mlango wa dawa hiyo.

Kwa kawaida hutolewa kila baada ya wiki 3, mwanzoni pamoja na dawa za kemo, kwa muda wa mwaka mmoja. Inaweza kudhoofisha moyo, ndiyo maana lazima moyo upimwe kwa mashine ya mawimbi ya sauti kabla ya kuanza, na kurudiwa kila miezi 3 hivi. Kama mama ana presha, semeni mapema. Bei ya dawa imekuwa kikwazo kikubwa. Siku hizi kuna nakala zake zilizotengenezwa na kampuni nyingine, na mwishoni mwa 2019 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha ya kwanza. Zisiwatie wasiwasi, si dawa feki. Idara ya saratani ya KCMC mnaifahamu, haiko mbali na Rau. Mkikwama kwenye malipo ombeni kuonana na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mkiwa na karatasi zote, na mwende mapema, kabla deni halijaanza kukua. Kwenye karatasi ya majibu tafuteni pia herufi ER na PR. Hizo ni za homoni, na zikiwa chanya kuna vidonge vya ziada vya miaka kadhaa.

Nirudi kwenye maziwa, maana baba mdogo hakuokota hoja yake jalalani. Ipo homoni iitwayo IGF-1, binamu wa insulini, inayotengenezwa zaidi na ini, na wanaokunywa maziwa mengi huwa nayo juu kidogo kwenye damu. Kusini mwa Ecuador kuna watu wafupi sana ambao mwili wao, kwa kasoro ya kurithi, unatengeneza IGF-1 kidogo mno. Ripoti ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba saratani kwao ni nadra ajabu. Kwa hiyo uhusiano wa vichocheo na saratani upo, nimeufanyia kazi miaka yote hii, siwezi kuukana. Lakini hao wamezaliwa hivyo, na kiasi kinachoongezwa na kikombe cha maziwa ni kidogo. Tafiti kubwa za lishe, kwa ujumla wake, hazijathibitisha kwamba maziwa yanaongeza saratani ya titi. Kwa tezi dume kuna dalili hafifu, lakini hilo si la mama. Protini za maziwa, vichocheo vikiwemo, hukutana na vimeng'enya vya tumbo na kukatwakatwa. Muulizeni mgonjwa wa kisukari kwa nini insulini anajidunga badala ya kuinywa. Ingemeng'enywa kama yai.

Sukari ni hivyohivyo. Kila seli inaitumia, na mtu akiiacha mezani ini linaitengeneza kutoka kwenye akiba na misuli, ndiyo njia mojawapo mama alivyokonda. Kama ni lazima pawe na kitu cha kukatazana kwenye meza hiyo, kateni pombe. Mbege, bia, konyagi, zote. Pombe imethibitishwa kuchangia saratani ya titi na ya koo la chakula, na sijawahi kupata barua kutoka Marangu inayouliza habari za mbege.

Kuhusu ninyi mabinti: kurudufika kwa HER2 kumetokea ndani ya seli za titi la mama akiwa mtu mzima. Hakumo kwenye mayai yake ya uzazi, na ninyi hamkurithi hilo. Saratani za titi za kurithi zipo, huwa kati ya 5 na 10 katika kila 100, na zinahusu jeni nyingine. Kama kwenye ukoo kuna shangazi, bibi au ndugu aliyeugua titi au ovari akiwa bado kijana, mtajieni daktari. La sivyo, jichunguzeni, na ukikuta kivimbe usisubiri kianze kuuma.

Limebaki kopo la shangazi. Mmeona wenyewe: baba mdogo anakataza maziwa kwa sababu ya vichocheo vya ukuaji, shangazi ananunua maziwa kwa sababu ya vichocheo hivyohivyo, na mgonjwa ni mmoja. Vya kwenye kopo vinakatwa tumboni kama vya kwenye kikombe, kwa hiyo unga huo utamfaa mama kama maziwa ya unga ya kawaida, ila kwa bei ya trei kadhaa za mayai na nyama ya mtori ya wiki nyingi. Kama mna nia ya kuutumia, mwonyesheni daktari kopo lenyewe asome kilichochanganywa humo, maana baadhi huongezewa mitishamba inayogongana na dawa za kemo. Kama halijafunguliwa na shangazi ana risiti, mrudishieni akadai hela yake.